Presha iliposhuka baada ya sindano ya mgongo: je, safari hii inazuilika?

*"Daktari, nina ujauzito wa wiki 35 na nimepangiwa kujifungua kwa upasuaji, kama nilivyojifungua mtoto wangu wa kwanza miaka mitatu iliyopita. Safari ile nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni. Dakika chache baada ya kulazwa chali nikashikwa na kichefuchefu, masikio yakaziba, nikaanza kuwaona watu wako mbali, nikadhani ndiyo naondoka. Nilimsikia mtu akisema 'sabini kwa arobaini'. Wakanipitishia dawa kwenye dripu nikarudi. Mtoto alichelewa kidogo kulia, akawekewa oksijeni, lakini sasa ni mzima. Presha yangu ya kawaida ni 105 kwa 65, haijawahi kupanda. Ndugu wananiambia sipatani na ganzi. Wengine wanasema ninywe maji ya chumvi wiki nzima kabla ya upasuaji. Mimi mwenyewe nawaza niombe nusu kaputi nilale kabisa nisijue kinachoendelea. Je, hali ile ilimdhuru mwanangu? Na kuna njia ya kuizuia, au ndivyo mwili wangu ulivyo?"*

Dada yangu, mimi ni daktari wa usingizi, na nafasi yangu kwenye chumba cha upasuaji ni upande wa kichwa cha mama. Hayo uliyoyaeleza nimeyaona kwenye nyuso nyingi: midomo inapauka, macho yanatafuta mtu wa kumshika, kisha sauti ndogo inasema, "daktari, sijisikii vizuri." Neno lako la kudhani unaondoka sitalipita haraka. Mtu aliyefika hapo ana kila sababu ya kuogopa kurudi mezani.

Nianze na linalokunyima usingizi. Ndiyo, inazuilika kwa sehemu kubwa, na njia zake zinajulikana vizuri. Hakuna mtu mkweli atakayekuahidi kwamba presha haitatikisika hata kidogo. Lakini kutikisika kidogo na kufika sabini kwa arobaini ni vitu viwili tofauti kabisa, na kazi yetu ni kuhakikisha hufiki huko.

Kuhusu mwili wako, hauna kasoro. Wanawake wasipopewa kinga yoyote, presha huweza kushuka kwa wanaofikia 7 au hata 8 kati ya 10 wanaochomwa ganzi ya mgongo kwa ajili ya upasuaji wa kujifungua. Kwa hiyo wewe si wa ajabu. Ulipatwa na jambo ambalo ganzi hii hulifanya kwa yeyote, ila kwako lilikuja kwa kishindo, na huenda kinga ilichelewa au haikutosha. Nasema huenda kwa sababu karatasi zako za siku ile sijaziona.

Nikueleze kinachotokea, maana hofu nyingi hapa inatokana na kutojua. Dawa ya ganzi, mara nyingi bupivakaini, huingizwa kwa sindano nyembamba sana kwenye maji yanayozizunguka neva (mishipa ya fahamu), sehemu ya chini ya mgongo, mahali ambapo uzi mkuu wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo umeshakwisha na zimebaki neva zinazoning'inia. Ni dawa kidogo, mililita mbili hivi. Unajua kovu lako liko chini kabisa ya tumbo, kwa hiyo unaweza kuuliza kwa nini ganzi isiishie hapo. Haiwezi, kwa sababu utando unaofunika viungo vya ndani ya tumbo hupata neva zake kutoka juu, usawa wa kifua. Ganzi ikiishia kitovuni, ngozi itakuwa imekufa ganzi lakini mama ataumia daktari anapouvuta mfuko wa uzazi. Ndiyo maana tunataka ipande mpaka usawa wa matiti, na ndiyo maana tunakugusa kwa kitu cha baridi kabla hatujaruhusu kisu.

Sasa, katika sehemu hiyohiyo ya mgongo, kuanzia kifuani hadi juu ya kiuno, hutoka neva za aina nyingine, zile zinazofanya kazi bila wewe kuziamuru. Mojawapo ya kazi zake ni kuiambia mishipa ya damu ikaze. Kuta za mishipa zina misuli, na misuli hiyo muda wote imekazwa kiasi fulani, usiku na mchana, ili damu isukumwe kwa nguvu inayotakiwa. Ganzi haichagui. Inapozima neva za maumivu inazizima na hizi. Mishipa ya miguu, nyonga na tumbo inalegea ndani ya dakika chache. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani ambao ghafla umekuwa mpana maradufu huku bomba linatoa maji yaleyale: maji yapo, lakini nguvu ya kuruka imekwisha. Pamoja na hilo, damu nyingine inatuama miguuni na haurudi moyoni ujazo uliozoeleka. Ganzi ikipanda sana hugusa hata neva zinazouharakisha moyo, na mapigo yanaanza kwenda polepole wakati ambapo tungetaka yaende mbio.

Ujauzito unaongeza mzigo. Mfuko wa uzazi wenye mtoto wa miezi tisa ni mzito, na mama akilala chali unaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka miguuni, ule unaopita kulia mwa uti wa mgongo. Mama mjamzito asiye na ganzi hujitetea kwa kukaza mishipa yake, ndiyo maana wengi hulala chali bila kuona shida. Ukichomwa ganzi, ulinzi huo unaondoka kwa mkupuo. Hapo ndipo ubongo na tumbo vinapopungukiwa damu, na kinachofuata ni kichefuchefu, miayo isiyo na usingizi, masikio kuziba, watu kuonekana wako mbali. Ulivyosimulia ndivyo vitabu vya fani yetu vinavyoeleza.

Kwa hiyo hili la kusema hupatani na ganzi uliache. Mzio wa dawa hizi upo lakini ni nadra mno, na huja na vitu vingine: vipele, uvimbe wa uso, kifua kubana kwa mluzi. Presha kushuka baada ya ganzi ya mgongo ni dawa kufanya kazi yake kwa upana kuliko tulivyoihitaji. Hata presha yako ya 105 kwa 65 si ugonjwa. Kwa mwanamke mwenye afya ni presha nzuri tu, na nitaeleza baadaye kwa nini namba hiyo ni muhimu daktari wako aijue.

Maji ya chumvi nayo uyaache. Ninaelewa mantiki yake: presha ikishuka tuijaze. Lakini tatizo si upungufu wa maji, ni mishipa kulegea, na mwili wenye figo nzima hauweki akiba ya chumvi ya wiki nzima kusubiri siku ya upasuaji. Unaitoa kwenye mkojo au unavimba miguu. Na kwa mjamzito ambaye presha yake inaanza kupanda bila yeye kujua, kujipa tiba ya chumvi nyumbani si jambo la kuchezea. Linalosaidia ni dogo zaidi: usikae na kiu bila sababu. Kwa kawaida chakula husimamishwa zikiwa zimebaki saa 6 upasuaji uanze, lakini maji matupu huruhusiwa mpaka zibaki saa 2. Kina mama wengi huambiwa "usiguse kitu kuanzia usiku", kisha zamu yao inafika mchana, na wanalala mezani wakiwa wamekauka. Uliza mapema saa ngapi ndiyo mwisho wa kunywa maji, na upasuaji ukisogezwa mbele uliza tena.

Na dripu? Hapa hata sisi wataalamu tulikosea kwa muda mrefu. Nilipokuwa najifunza kazi, sheria ilikuwa kumjaza mama lita nzima ya maji ya dripu kabla ya kumchoma sindano, na tulikuwa tunasubiri chupa iishe huku saa zinakwenda. Baadaye ikadhihirika kwamba maji yale mepesi hayakai ndani ya mishipa. Muda si mrefu sehemu kubwa imeshavuja kwenda kwenye nyama za mwili, na ganzi ikianza kulegeza mishipa, maji hayapo tena pale yalipohitajika. Yanafaa zaidi yakifunguliwa kwa kasi wakati uleule wa sindano, mishipa inapotanuka. Hata hivyo, kwa peke yake dripu haitoshi. Ukisikia mtu anasema "tumemwekea maji ya kutosha, hatashuka," ujue amebaki na nusu ya somo.

Nusu ya pili, na ndiyo yenye uzito, ni dawa ya kukaza mishipa. Ikiwa chanzo ni mishipa kulegea, basi jibu la moja kwa moja ni kuikaza, na kuikaza kabla haijamaliza kulegea. Mwaka 2018 jopo la wataalamu wa kimataifa lilichapisha makubaliano juu ya jambo hili, na msimamo wao ulikuwa wazi: dawa hizi zitumike kwa kila mama anayefanyiwa upasuaji kwa ganzi ya mgongo, na ikiwezekana zianze kama kinga, si kama tiba ya kuzima moto. Iliyopendekezwa zaidi ni fenilefrini. Ninavyoitumia mimi ni hivi: sindano ya ganzi inapotoka mgongoni, kabla mama hajalala vizuri, pampu ndogo yenye bomba la fenilefrini inawashwa na kuanza kutia dawa kidogo kidogo kwenye mshipa, kama mikrogramu 25 hadi 50 kwa dakika. Kisha mkono wangu haubanduki hapo. Presha ikipanda kuliko nilivyotaka napunguza, ikielekea chini naongeza. Pasipo na pampu, dawa ileile hutiwa kwa mkono, dozi ndogo ndogo mfululizo, na katika mikono makini inafanya kazi vizuri sana. Usivunjike moyo ukiambiwa mashine hiyo haipo.

Fenilefrini ina tabia moja ya kuangaliwa: inapokaza mishipa, moyo hujibu kwa kupunguza kasi. Mapigo yakishuka sana huku presha nayo iko chini, tunabadilisha dawa. Tunatoa efedrini, au atropini ya kuamsha moyo. Efedrini ndiyo dawa ya zamani katika kazi hii, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya kuzuia presha kushuka mama anapochomwa ganzi ya mgongo ili ajifungue. Kasoro yake ni kwamba huvuka kondo la nyuma kwa wingi zaidi, humchangamsha mtoto naye, na damu ya kitovuni hupimwa ikiwa na tindikali zaidi kidogo kuliko pale fenilefrini ilipotumika. Pia huchelewa kidogo kuanza, na ukiirudia mara nyingi nguvu yake hufifia. Lakini nisikutie hofu mpya. Kwa mtoto mwenye afya tofauti hiyo kwa kawaida haionekani kwa macho wala kwenye kilio chake, na mahali ambapo fenilefrini haipatikani, efedrini iliyotolewa mapema ni bora mara nyingi kuliko fenilefrini ambayo haipo. Siku hizi kuna noradrenalini kwa dozi ndogo sana, ambayo haipunguzi mapigo ya moyo kiasi kile, na baadhi ya wataalamu wameanza kuipendelea.

Sasa turudi kwenye namba yako. Lengo letu si namba moja kwa watu wote. Tunataka namba ya juu ya presha, ile inayotajwa kwanza, ibaki angalau asilimia 90 ya ile ya kawaida ya mama mwenyewe, na tusikubali ishuke chini ya asilimia 80. Kwako, mwenye 105, maana yake ni kubaki karibu na 95 na kuendelea, na ikigusa 84 mtu awe ameshachukua hatua. Mwanamke mwenye 130 akifika 95 ana shida. Wewe ukiwa na 95 hujambo. Ndiyo maana naomba upimwe presha ukiwa umetulia, kabla hujaingia chumba cha upasuaji. Ile inayopimwa mlango umeshafungwa na moyo unakudunda huwa ya uongo, na kila hesabu inayofuata hupotoka nayo.

Mkao nao una kazi yake. Watakuwekea mto au shuka iliyokunjwa chini ya nyonga ya kulia, au watainamisha meza kidogo kushoto, kama nyuzi 15, ili mfuko wa uzazi ubanduke kwenye ule mshipa mkubwa. Wengine huusukuma kwa mkono, na hiyo nayo ni njia nzuri. Niseme kweli kwamba nguvu ya mwinamo huu ni ndogo kuliko tulivyofundishwa. Vipimo vya picha vimeonyesha kwamba kwa nyuzi 15 mshipa bado unabanwa kwa kina mama wengi. Lakini haugharimu kitu, na mimi siuachi. Kufunga miguu kwa bandeji za kubana, kuanzia nyayo hadi mapajani, hupunguza damu inayotuama na kumeonekana kusaidia kiasi. Ondansetroni, dawa ya kichefuchefu, ikitolewa kabla ya sindano nayo hupunguza kushuka kwa presha kwa baadhi ya watu. Hivi ni vya kuongezea, havichukui nafasi ya dawa ya kukaza mishipa.

Kuna kipimo kingine ambacho hakiuzwi, nacho ni wewe mwenyewe. Ule mkanda wa presha utakubana mkono kila dakika moja mpaka mtoto atoke. Unajaza upepo, unatoa polepole, unahesabu. Kazi hiyo inaweza kuchukua nusu dakika au zaidi, na presha ikiwa chini sana mashine hushindwa kusoma, ikajaza upepo upya. Katika miaka yangu ya mwanzo niliwahi kusimama namna hiyo, bomba la dawa mkononi, macho kwenye kioo cha mashine, nikisubiri namba. Mama aliyelala mbele yangu alikuwa amegeuza uso pembeni na anameza mate, meza, meza tena. Hakusema neno. Namba ilipotokea alikuwa ameshashuka vibaya. Alipopata nafuu nikamuuliza kwa nini hakuniambia, akasema, "nilikuona uko na kazi, sikutaka kukusumbua." Tangu siku ile huwa namwambia kila mama kabla ya sindano: kichefuchefu katika dakika 10 za kwanza ni presha mpaka ithibitike vinginevyo, na mdomo wako unaifikia habari hiyo kabla ya mashine yangu. Wazee walisema mficha uchi hazai. Ukisikia tumbo linachafuka, unapiga miayo, kichwa kinakuwa chepesi, sema hapohapo. Usingoje uwe na uhakika, na usitafute maneno mazuri. "Nasikia vibaya" inatosha, mimi dawa naitoa hata kabla namba haijasomeka.

Si kila kichefuchefu ni presha, nalo ulijue. Daktari wa upasuaji akivuta mfuko wa uzazi baadaye, wakati wa kushona, tumbo linaweza kuchafuka presha ikiwa nzuri kabisa. Na hisia ya kwamba hupumui huwapata wengi, kwa sababu kifua kimekufa ganzi na hukisikii kikipanda. Ukiweza kuongea kwa sauti yako ya kawaida na kunikaza mkono kwa nguvu, mapafu yako yanafanya kazi. Sauti ikififia au vidole vikilegea, hapo ganzi imepanda kuliko kawaida, na ninahitaji kujua sekunde hiyohiyo.

Mwanao. Najua swali hili umekaa nalo miaka mitatu. Mtoto aliye tumboni hupata oksijeni kupitia damu ya mama inayofika kwenye kondo, na mishipa ya pale haina uwezo wa kujirekebisha kama ya ubongo. Presha ya mama ikishuka, damu inayomfikia mtoto nayo hupungua. Kwa hiyo hatari ipo, na ndiyo sababu hatuichukulii presha hii kama usumbufu wa kawaida tu. Lakini mtoto aliyetimiza miezi ana akiba. Kushuka kulikotibiwa ndani ya dakika chache kwa kawaida hakuachi alama. Tena kuchelewa kulia na kuhitaji oksijeni kwa muda huwatokea watoto wengi wanaozaliwa kwa upasuaji uliopangwa kabla ya uchungu, kwa sababu maji ya mapafuni hayajapata nafasi ya kukamuka, hata mama zao wakiwa na presha isiyotikisika. Siwezi kukuambia lipi kati ya hayo lilimpata wa kwako. Naweza kukuambia kwamba mtoto aliyelia baada ya muda mfupi, akanyonya, akatembea na kusema kwa wakati wake, hana deni la siku ile. Ukiwa na wasiwasi wowote juu ya makuzi yake, mpeleke akaangaliwe kwa macho, usiubebe peke yako.

Sasa nusu kaputi. Ninaelewa kwa nini inakuvutia, na una haki ya kuijadili. Ila uijadili ukijua bei yake. Kulazwa usingizi kabisa hakukupi uhakika wa presha, kwa sababu dawa za usingizi nazo huishusha. Mjamzito ni mgumu zaidi kuwekewa mpira wa kupumulia, kwa sababu njia yake ya hewa huvimba na oksijeni humwishia upesi, na chakula cha tumboni kina urahisi wa kupanda na kuingia mapafuni. Dawa za usingizi hulegeza mfuko wa uzazi, kwa hiyo damu inaweza kutoka zaidi. Mtoto naye huzaliwa akiwa na usingizi kidogo, na wewe hutamsikia akilia mara ya kwanza. Kuna hali ambazo nusu kaputi ndiyo njia salama zaidi: mama anayevuja damu nyingi, damu isiyoganda vizuri, maambukizi sehemu ya mgongo, au mtoto anayehitaji kutolewa ndani ya dakika chache. Presha iliyoshuka safari iliyopita haimo kwenye orodha hiyo. Ningekuwa mimi ninayekuhudumia, ningekushauri ganzi ya mgongo, na ningekueleza hatua kwa hatua nitakachofanya tofauti.

Kuna njia ya katikati, kupunguza dozi ya ganzi. Presha haishuki sana, ni kweli. Lakini dozi ikipungua sana mama anaanza kuumia upasuaji ukiwa katikati, na maumivu hayo huacha jeraha la moyoni lisilo dogo kuliko la presha. Mahali penye vifaa na uzoefu, dozi ndogo huambatanishwa na mpira mwembamba unaobaki mgongoni ili kuongezea dawa ikihitajika. Pasipo na mpira huo, mimi naona ni afadhali ganzi ya kutosha na presha iliyolindwa vizuri.

Zipo hali zinazobadilisha mpango wote, na hizi huhitaji kuonana na daktari wa usingizi ana kwa ana siku kadhaa kabla, si asubuhi ya upasuaji. Ukiwa na ugonjwa wa moyo, hasa valvu (milango ya moyo) zilizobana, kushuka kwa presha ni hatari ya kiwango kingine. Ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, muda wa dozi ya mwisho lazima upangwe. Na kama katika wiki hizi zilizobaki presha yako itaanza kupanda, au ukapata maumivu makali ya kichwa, kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, au uso na mikono kuvimba ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hizo zinaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba kinachokaribia. Watu hushangaa nikiwaambia kwamba kina mama wenye hali hiyo, ganzi ya mgongo ikifaa kwao, presha yao kwa kawaida hushuka kidogo kuliko ya wenzao. Na ukishikwa na uchungu kabla ya tarehe uliyopangiwa, usihofu kwamba mpango umeharibika: wanawake walio kwenye uchungu nao huwa hawashuki sana kama wale waliokuja bila uchungu.

Mtoto akishatoka, kuna wimbi la pili ambalo watu hawaelezwi. Utapewa oksitosini ili mfuko wa uzazi ukaze na damu isimame. Dawa hiyo ikiingizwa nyingi kwa mkupuo hulegeza mishipa na kuuharakisha moyo. Utasikia joto usoni, moyo unakwenda mbio, pengine kichefuchefu kinarudi. Tunaitoa kiasi kidogo na polepole. Sema tena ukisikia hivyo, kwa sababu wakati huo presha inaweza kushuka pia kwa kuvuja damu, na hizo ni habari mbili tofauti tunazopaswa kuzitenganisha mapema. Na siku ya kwanza kuteremka kitandani, usiteremke peke yako. Kaa ukingoni kwanza, miguu ikining'inia, mtu akiwa amekushika, hadi kichwa kitulie.

Ukisharudi nyumbani, kizunguzungu au kuzimia pamoja na damu inayolowesha pedi moja baada ya nyingine ni dharura, uende usiku au mchana. Kichwa kinachouma sana ukikaa na kupoa ukilala, kikianza siku chache baada ya sindano, kina tiba yake, rudi ukaonwe. Miguu kubaki na ganzi, mkojo kutoka bila kujua, au homa pamoja na maumivu mapya ya mgongo, usisubiri kesho.

Kwa wiki hizi zilizobaki, fanya jambo moja. Ukienda kliniki, omba karatasi ya daktari wa usingizi ya upasuaji wako wa kwanza, ile yenye vistari vya presha vinavyopanda na kushuka. Humo kumeandikwa dozi ya ganzi, mahali ilipofika, dawa iliyotolewa presha iliposhuka, na ilichukua dakika ngapi kurudi. Ikiwa imepotea, maelezo uliyonitumia mimi yanatosha. Yaandike vilevile ulivyoyaandika hapa, hata lile la masikio kuziba. Omba kuonana na daktari wa usingizi kabla ya siku yenyewe, mpe ayasome, kisha umuulize: "Dawa ya kukaza mishipa utaianza saa ngapi, mara tu baada ya sindano au mpaka presha ishuke?" Akikueleza anaianza mara moja, na kwamba atakupima kila dakika, umempata mtu wako. Akisema atasubiri aone, mwambie kwa utulivu yaliyokupata safari ile na umwombe aianze mapema. Ni ombi la haki, na daktari anayejali atalipokea.